Mkija kuzika, msije na daftari

Wasomaji wangu, nisameheni kwa kimya cha mwezi mzima. Nilikuwa likizo nyumbani, Kigombe. Kwa wale wasiokujua, Kigombe ni kijiji cha wavuvi na mkonge katika wilaya ya Muheza, kwenye barabara ya pwani inayotoka Tanga mjini kwenda Pangani. Ukitoka baharini unakutana na minazi, ukiacha minazi unakutana na mkonge, na ukiumaliza mkonge unakutana na mkonge mwingine.

Nilikwenda kupumzika. Badala yake nimezunguka makanisa matano na mama yangu kama wakaguzi wa hesabu za serikali. Mama anatafuta kanisa jipya. Sio kwamba ameokoka juzi, wala hajagombana na mume. Anatafuta kanisa kwa sababu ya kaburi. Hebu nianze mwanzo ili mnielewe.

Baba yangu ni fundi mstaafu wa korona. (Nikisema korona, jamaa zangu wa Dar wanatafuta barakoa. Kwetu korona ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na tuliiita hivyo miaka mingi kabla ya ule ugonjwa wa mwaka 2020.) Baba yake, yaani babu yangu, aliletwa kutoka kusini enzi za manamba. Alikuja na blanketi, panga na dhehebu. Blanketi lilichakaa, panga liliibwa, dhehebu ndilo tulilorithi. Bibi akabatizwa humo, baba akabatizwa humo, nami nikabatizwa humo. Jina la dhehebu silitaji. Ninayotaka kuyasema yanaweza kutokea katika kanisa lako pia, na nikilitaja utasoma huku ukicheka, ukidhani ni ya wenzako.

Mwaka jana bibi alifariki. Alikuwa amelala kitandani miaka mitatu kwa kiharusi. Alikata roho Jumatatu usiku, na Jumanne asubuhi uwani kwetu palikuwa pamejaa watu. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Vijana wao ndio waliokwenda kuchimba kaburi, kina mama wao ndio waliokuja na masufuria, na mwalimu wa madrasa alituma watoto wachote maji. Mzee mmoja mvuvi, rafiki wa marehemu babu, alikaa kwenye jamvi tangu alfajiri na hakunyanyuka ila kwa swala.

Saa nne akaja mzee wa kanisa. Alikuja na daftari.

Alitoa pole, akakaa, akanywa chai. Kisha akamwita baba pembeni, kwenye mwembe, nami nikafuata kwa sababu kazi yangu ni kusikiliza mambo yasiyonihusu. Akafungua daftari. Bibi alikuwa na ahadi ya shilingi 1,000 kwa mwezi. Miaka mitatu hakutoa. Jumla shilingi 36,000. "Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "utaratibu unaujua. Mwinjilisti hawezi kuja mpaka hili likae sawa."

Baba akamwuliza: "Alikuwa kitandani. Mlikuja kumwona?"

Mzee wa kanisa akatazama chini. "Tulikuwa na upungufu wa watu."

Baba hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba fedha ipo, ni ile ya kununulia sanda na mbao, na kama kanisa linaitaka lichukue, bibi atazikwa kwa mkeka. Mzee akasema sio lazima leo, anaweza kuandika ahadi na kuweka sahihi. Baba akasema hataweka sahihi ya deni la mama yake mbele ya maiti ya mama yake. Basi, wakaachana hapo.

Tulimzika bibi saa kumi na moja jioni. Baba, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno kumi mbele ya watu, alisimama na kitabu cha sala cha bibi, kile chenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa mkonge, akasoma sala za maziko mwenyewe. Alikwama mara mbili. Majirani walisimama nyuma kidogo, kimya, kofia mkononi na kichwani kila mtu kwa desturi yake. Waliimba watu saba tu. Tuliporudi nyumbani baba alinawa miguu akasema, "Mimi kule sirudi." Mama akamjibu kwa swali ambalo tangu siku hiyo limekuwa wimbo wa nyumba yetu: "Na sisi tukifa?"

Sasa vijana wenzangu wa mjini mtasema, si mwende kanisa jingine tu, makanisa yapo tele. Ndivyo nilivyodhani. Lakini hebu jiulize: hilo dhehebu ulilo nalo ulilichagua lini? Wengi wetu tulichaguliwa na ramani. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walitoka Zanzibar wakaingia Magila, karibu na Muheza, na kufikia miaka ya 1870 walikuwa wamejikita pale. Ndiyo maana Mbondei Mkristo ukimwuliza dhehebu, mara nyingi atakwambia Mwanglikana. Walutheri kutoka Ujerumani walifika Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata walikuwa milimani Mlalo, kwa hiyo Msambaa wa Mlalo akawa Mlutheri. Wasabato walianzia Upare mwaka 1903. Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898, na Mngoni akawa Mkatoliki. Wamoravian walitua Rungwe mwaka 1891. Kule Kilimanjaro, wa Machame ni Mlutheri na wa Kibosho ni Mkatoliki, na ukiwauliza kisa cha kutofautiana watakupa sababu za kiteolojia, wakati sababu kubwa ni nani alifika kwanza kijijini kwa babu yake.

Kisha mkonge ukatuchanganya. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika salama miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapohapo Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakaja mashamba yaliyomeza ukanda mzima wa Tanga, hadi mwaka 1964 nchi ikavuna zaidi ya tani 230,000. Mkonge ulitaka mikono, na mikono ikaletwa kutoka Ubena, Ungoni, Umakonde, Unyamwezi, Msumbiji na Burundi. Kila mmoja alikuja na ramani yake kichwani. Ndiyo sababu kwenye kambi za mkonge unakuta vikanisa vitatu vinne vimepangana kama vibanda vya soko, kila kimoja na watu arobaini, kila kimoja na kengele yake iliyotengenezwa kwa rimu ya gari.

Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini na hata wa kubadili dini. Serikali yenyewe haijatuuliza dini zetu kwenye sensa tangu mwaka 1967. Kisheria, basi, mama yangu anaweza kuhama kanisa kesho asubuhi bila kumwuliza mtu. Lakini katiba haichimbi kaburi. Ndio ugumu wenyewe huo.

Mama aliingia kazini. Alisema hataki kusikia nani anahubiri vizuri. Ana swali moja tu, na kila tutakapokwenda atamwuliza kiongozi baada ya ibada: "Nikifa nikiwa na deni, mtakuja?" Nilimwambia hilo sio swali la kuuliza mgeni. Akasema, "Wewe ndiye mwandishi, nifundishe basi swali bora." Sikuwa nalo.

Jumapili ya kwanza tulikwenda kanisa kubwa mjini Tanga. Feni zinazunguka, kwaya ina sare, mabenchi yana mito. Wakasema wageni wasimame tuwaone. Mimi na mama tukasimama kama washitakiwa, tukapigiwa makofi matatu. Ibada ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Baada ya ibada mama akapanga foleni ofisini akauliza swali lake. Kiongozi, mtu mpole tu, akamwambia: "Mama, kwanza lete barua ya uhamisho kutoka kanisa lako la zamani." Mama akauliza, barua hiyo inatolewa kwa nani? Akajibiwa, kwa muumini asiyedaiwa.

Mmeiona hiyo? Ukitaka kukimbia deni, lipa deni kwanza. Nilicheka njia nzima. Mama hakucheka.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa Wasabato. Hapa niseme wazi kwamba nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Kabla ya mahubiri watu wanakaa vikundi vikundi wakijadili somo la wiki, na mama, ambaye katika miaka hamsini ya ukristo wake hakuwahi kuulizwa maoni yake kanisani, aliulizwa anaonaje. Alijibu dakika tano nzima! Tatizo likawa nyumbani. Jumamosi ndiyo siku ya mama kuuza dagaa. Halafu kuna suala la pweza. Wasabato hawali pweza, kwa kuwa hana mapezi wala magamba. Baba aliposikia hivyo alitikisa kichwa: "Mtu wa Kigombe kumnyima pweza ni mtihani, labda kwa malaika." Basi likaisha.

Jumapili ya tatu ilikuwa zamu ya kanisa la mabati, lenye spika nne kubwa kuliko madirisha yake. Wakati wa maombi mhubiri alinisogelea, akaona daftari langu, akatangaza kwamba ananiona nikipanda ndege. Wenzangu wanahabari mnajua mishahara yetu, kwa hiyo nilisema amina kubwa. Maji ya upako yalikuwa mlangoni, shilingi 5,000 chupa. Mama alimsubiri mhubiri, akamwuliza. Jibu: "Mama, hapa hatukiri kifo. Hapa tunakiri ushindi." Mama akamwangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, nina miaka sitini na nane." Tukaondoka.

Msinielewe vibaya. Mimi sio wale wasomi wanaocheka makanisa ya kilokole kutoka barazani. Nimeona kule wanawake wakilia machozi ya kweli, nikaona kijana aliyekuwa mlevi wa kutupwa akipiga kinanda akiwa na shati safi. Watu hawaendi kule kwa ujinga. Wanakwenda kwa sababu kule mtu anakuita kwa jina na kukuwekea mkono kichwani, wakati kanisa la babu yake linamjua kwa namba ya bahasha.

Jumapili ya nne tulikwenda Msalabani, Magila. Safari hii hata baba alikuja, ingawa alisema anakuja kuangalia majengo tu. Wale Waanglikana wa pwani wana utaratibu wa kale: wanasema Misa, wanamwita kiongozi Padre, na ubani unafuka mpaka unapiga chafya. Mama akaninong'oneza kwamba kunanukia kama kwa jirani zetu siku ya maulidi. Ni kweli, na sio ajabu. Hii ni pwani ambayo Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania kuanzia mwaka 1984 hadi 1998 aliitwa John Ramadhani. Majina yetu, ubani wetu na misiba yetu vilichanganyika zamani. Baba alitembea makaburini kwa muda mrefu akisoma majina. Pale mama angekubali, nadhani. Lakini Kigombe hadi Magila, nauli ya watu wawili kila Jumapili kwa pensheni ya fundi wa korona, hesabu inakataa. Tena kama mama alivyosema, kanisa la mbali ni kama ndugu wa ng'ambo: mnapendana, lakini siku ya msiba anapiga simu.

Jumapili ya tano, ya mwisho wa likizo yangu, tulitembea kwa miguu hadi kikanisa kimoja ndani ya mkonge. Nacho sikitaji, kisije kikapata umaarufu kikaanza kununua spika. Watu thelathini hivi. Hakuna kinanda, kuna kayamba. Mchungaji ni mzee mwembamba mwenye kanzu fupi inayoonyesha suruali. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, kama mnavyoujua: waliokosa fedha wameleta mayai, mbaazi, jogoo mmoja, nazi. Mtu akanunua trei la mayai kwa shilingi 12,000, bei ya wazimu, kisha akalirudisha kwa yule yule mama mjane aliyelileta. Hakuna aliyepiga makofi. Nikaelewa kwamba wanafanya hivyo kila Jumapili.

Mama akauliza swali lake. Mchungaji alifikiri kwanza. Wa kwanza kati ya wote kufikiri! Kisha akasema: "Mama, nina mitaa minne na pikipiki moja, nayo mbovu. Nikiweza nitakuja. Nisipoweza, hawa watakuja." Akaonyesha wale watu wa mnada. "Deni tutaulizana tukishatoka makaburini, tena tutawauliza walio hai."

Mama ameanza kwenda pale.

Sasa, hapa ningeweza kumaliza, nikawaacha mkilaani mzee wa kanisa na daftari lake. Lakini nilifunzwa kwamba habari ya upande mmoja sio habari. Kabla sijarudi Dar nilimfuata yule mzee wa kanisa nyumbani kwake. Alikuwa anakausha dagaa na mkewe. Nilimwamkia, akanikaribisha, tukakaa. Nikamwuliza kwa nini.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba mwinjilisti wao analishwa na bahasha zile. Bati za kanisa zimeoza upande wa mashariki. Kuna waumini wenye boti na mashine ambao hawatoi hata senti, na kila akiwafuata wanamwambia mbona fulani hatoi. Ndipo wakakubaliana kikaoni kwamba dawa ya kuwashika ni maziko, maana hiyo ndiyo siku pekee kila mtu anaihitaji kanisa. "Tuliiweka kwa ajili ya wajanja," akaniambia. "Ikamnasa bibi yako. Jarife linatupwa kwa ajili ya papa, lakini kasa naye huingia."

Kisha akaniuliza swali ambalo nimekuja nalo Dar na halijaniacha nilale. "Wewe mwanangu, kule mjini unasali?" Nikasema ndiyo. "Unatoa?" Nikasema ndiyo, natoa. "Mwaka jana ulitoa kiasi gani?"

Wasomaji wangu, mwaka jana, katika kanisa langu la Dar lenye viyoyozi, nilitoa ahadi ya shilingi 50,000 kwa ajili ya kununua skrini ya pili. Ya kwanza ilikuwepo na inafanya kazi, ila wa upande wa kushoto walikuwa wanapindisha shingo. Nililipa yote, nikapewa risiti, jina langu likasomwa. Mwaka huohuo bibi yangu alikuwa amelala Kigombe akidaiwa shilingi 36,000 zilizomfanya azikwe bila mwinjilisti. Hakuna aliyeniambia habari za bahasha yake. Lakini pia sikuuliza. Nilikuwa natuma fedha ya dawa, nikijiona mjukuu mwema. Kwamba bibi alikuwa na ahadi, kwamba ahadi ile ilimsumbua pale kitandani kuliko kiharusi (mama amenieleza baadaye kwamba alikuwa anaikumbusha kila mwisho wa mwezi, na kila mara fedha ilikwenda hospitali), hilo halikunipita akilini kabisa.

Kwa hiyo ninaposema hapa chini ninachotaka kusema, jueni kwamba nasema nikiwa nami nimo katika lile daftari.

La kwanza. Maziko yasiwe mtego wa kukusanyia madeni. Naelewa umaskini wa makanisa ya vijijini, nimeziona bati. Lakini adhabu ya maziko haimpati mdaiwa. Mdaiwa amekufa, hasikii. Inawapata watoto, tena siku ambayo hawana nguvu ya kubishana. Mtu yeyote anayekuja kukudai siku hiyo, hata kama deni ni halali, amechagua siku ambayo huwezi kusema hapana. Tungemwita mfanyabiashara anayefanya hivyo jina baya sana.

La pili. Barua ya uhamisho iwe haki ya muumini, kama cheti cha shule. Kanisa linaweza kuandika ndani yake kwamba huyu alibatizwa hapa, aliimba kwaya, hakutoa ahadi. Sawa, andikeni ukweli. Lakini kumzuia mtu asiende kusali kwingine kwa sababu ya shilingi ni kumfanya manamba. Babu yangu alikuwa manamba wa mkonge. Mkataba wake ulikuwa na mwisho.

La tatu. Hesabu zisomwe pande zote mbili. Kanisa lina daftari la nani hajatoa. Je, lina daftari la nani hajatembelewa? Bibi yangu alidaiwa miezi thelathini na sita. Kanisa nalo lilidaiwa miezi thelathini na sita ya kumwona mgonjwa. Tukizipanga hesabu hizo bega kwa bega, sijui nani angekuwa mdaiwa sugu.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa Misa, alizungumza na masista wa Maryknoll kule New York, akawaeleza kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini litapoteza maana kwa watu hao. Alikuwa anazungumzia mambo makubwa, mifumo ya dunia. Mimi ninazungumzia shilingi 36,000. Lakini nadhani jambo ni lilelile. Mtu maskini hapimi kanisa kwa tamko la maaskofu. Analipima Jumanne saa nne asubuhi, maiti ikiwa ndani.

La nne linatuhusu sisi. Sisi vijana wa mjini tumekuwa hodari wa kuhama makanisa. Hapa kwaya imepoa, pale mahubiri marefu, kule maegesho hayatoshi. Tunachagua makanisa kama tunavyochagua mitumba, tunageuza, tunanusa, tunaweka chini. Sikatai, mtu ana haki ya kutafuta. Lakini wakati sisi tunachagua, vikanisa vilivyotubatiza vimebaki na wazee ambao ndio wanaobeba bahasha zote, za kwao na zetu tulizoziacha. Kisha wazee wanaishiwa, daftari linafunguliwa, nasi tunapanda basi kwenda msibani tukiwa na hasira kwa niaba yao.

Nimetuma zile shilingi 36,000. Sikumtumia yule mzee kama deni la bibi, baba asingenisamehe. Nimezituma za bati, upande wa mashariki. Baba hajui, na akisoma hapa, shikamoo mzee, tutazungumza nikija.

Yeye bado hajaingia kanisa lolote. Jumapili mama akienda kule kwenye mkonge, yeye anashuka pwani kutengeneza mashine za boti za watu. Nilimwuliza anasubiri nini. Akasema anasubiri kuona wanavyozika. Wiki iliyopita mama amenipigia simu kwamba mmoja wa watu wa kule mkongeni amefiwa na mtoto. Asubuhi baba alichukua sepetu, akaondoka bila kuaga. Kaburini alichimba pamoja na wale vijana wa jirani zetu waliomchimbia bibi; kumbe nao wameitwa. Mama anasema mchungaji alichelewa, pikipiki ilizima njiani, akafika kwa miguu akiwa na kanzu mkononi. Hakuwa na daftari.

Nimemwuliza mama, baba amesemaje? Amesema hajasema kitu, ila usiku ameuliza ile pikipiki ni aina gani, na inasumbua wapi.

Sijui wenzangu mnaonaje. Najua wapo watakaosema kanisa bila nidhamu ya matoleo halisimami, na wapo wazee wa kanisa watakaoniona mhuni. Semeni tu, ninasikiliza. Ila kabla hujanijibu, naomba mwezi huu piga simu nyumbani. Usiulize afya tu. Uliza kama bibi ana bahasha kanisani, na nani anaijaza.